KOMPYUTA YA INJINI: PIMA KWANZA, NUNUA BAADAYE

Umekwisha jifunza kusoma, kuandika na kuhesabu. Elimu hiyo si ya darasani tu. Katika somo hili tutaitumia gereji. Tutaona jinsi namba chache zilizoandikwa kwenye daftari zinavyoweza kuokoa fedha za kikundi kizima.

Tuchukue mfano. Kikundi cha wakulima wa Nyandira, huko Mgeta, kina gari dogo la mizigo la petroli. Kila wiki gari hilo huteremka mlimani na kabichi, karoti na njegere hadi Morogoro mjini. Siku moja alfajiri gari limejaa kabichi. Linateremka vizuri, lakini likifika Mlali linazima. Dereva anapiga stata. Stata inazunguka kwa uchovu. Gari linawaka, kisha linazima tena. Taa ya injini kwenye dashibodi inawaka na haizimiki.

Jua linachomoza. Kabichi zinauzwa pale pale barabarani kwa bei ya kutupa. Gari linavutwa kwa kamba hadi mjini. Fundi anafungua boneti, anatazama kwa dakika chache, anasema: "Kontroli boksi imekufa. Leteni hela ninunue nyingine."

Hela anayotaji ni nyingi. Mweka hazina wa kikundi anahesabu. Ni karibu fedha yote waliyoweka kwa ajili ya mbolea ya msimu. Je, watoe?

Labda fundi amesema kweli. Labda hakusema kweli. Lakini jambo moja ni hakika: fundi huyo hajapima kitu chochote. Basi hata yeye mwenyewe hajui.

1. KOMPYUTA YA INJINI NI NINI?

Kwa miaka mingi barabara ya Mgeta imepandwa na magari ya Land Rover ya zamani. Injini za magari hayo hazina kompyuta. Katika injini ya petroli, kabureta huchanganya petroli na hewa. Katika injini ya dizeli, pampu husukuma mafuta kwa nguvu ya vyuma peke yake. Fundi huirekebisha kwa spana na bisibisi. Ikiwa gari lenu ni la namna hiyo, ugonjwa tunaoueleza hapa haulihusu.

Magari ya siku hizi ni tofauti. Ndani yake mna kisanduku kidogo cha bati au plastiki. Aghalabu kimefichwa chini ya dashibodi, nyuma ya sanduku la glavu, au karibu na injini. Kisanduku hicho ndicho kompyuta ya injini. Mafundi wengi huiita kontroli boksi.

Ili kuielewa, mfikirie karani wa ghala la kikundi. Karani amekaa chumbani. Haoni shamba wala soko. Wajumbe humletea habari: mazao yaliyoingia ni magunia mangapi, bei ni kiasi gani, mvua imenyesha au la. Karani hupiga hesabu, kisha huandika amri. Wafanyakazi huzitekeleza.

Kompyuta ya injini hufanya vivyo hivyo. Wajumbe wake huitwa sensa. Sensa moja hupima hewa inayoingia kwenye injini. Nyingine hupima joto la maji. Nyingine hutazama mzunguko wa krenki. Nyingine huangalia dereva amekanyaga mafuta kiasi gani. Kompyuta hupiga hesabu mara nyingi katika kila sekunde. Kisha huamuru injekta zinyunyize petroli kiasi fulani, na koili zipeleke moto kwenye plagi kwa wakati wake.

Faida yake inaonekana milimani. Morogoro mjini ni kama mita 500 tu juu ya usawa wa bahari. Nyandira iko zaidi ya mita 1,500. Kadiri unavyopanda, hewa huwa nyepesi. Injini huhitaji petroli kidogo zaidi kuliko bondeni. Kabureta ya zamani haijui kwamba gari limepanda mlima. Kompyuta hujua, maana sensa ya hewa imeiambia. Hupunguza petroli yenyewe.

2. KWA NINI KARANI HULAUMIWA BURE?

Karani akitoa amri mbaya, sababu zaweza kuwa tatu.

Ya kwanza, karani ana njaa. Kompyuta hula umeme. Betri ikiwa mbovu au waya ukiwa umelegea, haiwezi kufanya kazi.

Ya pili, wajumbe wamesema uongo au njia imekatika. Sensa ikiharibika, au panya akitafuna waya, kompyuta hupata habari za uongo. Hupiga hesabu vizuri, lakini jibu halifai.

Ya tatu, karani mwenyewe ni mgonjwa. Hapo ndipo kompyuta imeharibika kweli.

Sababu ya tatu hutokea mara chache kuliko mbili za kwanza. Kompyuta hufungwa vizuri ili istahimili joto na mtikisiko. Waya, soketi na sensa huharibika upesi zaidi, hasa katika barabara zetu za mawe na tope. Kwa hiyo upimaji una utaratibu wake: pima umeme kwanza, kisha njia, kisha wajumbe. Karani awe wa mwisho.

3. TUPIMEJE?

Zuia magurudumu kwa mawe au magogo kabla ya kuanza. Usivute sigara karibu na betri. Usiguse waya zenye rangi ya njano kwenye usukani na dashibodi, maana aghalabu ni za mifuko ya hewa inayofumuka wakati wa ajali. Chukua daftari na kalamu. Mwombe fundi akutajie kila kipimo, nawe ukiandike.

Vipimo vifuatavyo ni vya magari ya volti 12. Malori mengi makubwa yana volti 24.

(a) Anza kwa maswali. Ugonjwa ulianza lini? Je, kabla yake gari lilichomelewa kwa umeme? Liliazimwa umeme wa betri ya gari jingine? Lilioshwa injini kwa maji ya nguvu? Lilipita katika maji mengi? Kuna fundi aliyegusa waya? Jibu moja la kweli laweza kuokoa kazi ya siku nzima.

(b) Pima betri. Fundi hutumia kifaa kinachoitwa mita. Gari likiwa limezimwa na kupumzika, betri nzuri iliyojaa husoma kama volti 12.6. Wakati stata inazunguka, isishuke chini ya volti 9.6. Injini ikiwa inanguruma, katika magari mengi mita husoma kati ya volti 13.5 na 14.7. Ikibaki 12, alteneta haichaji.

(c) Pima fyuzi na rilei. Usitosheke kuzitazama kwa macho. Fyuzi ya shilingi chache ikikatika, kompyuta hukosa umeme, na gari zima huonekana limekufa.

(d) Pima ethi. Ethi ni waya unaorudisha umeme kwenye betri. Waya huu hufungwa kwa bolti kwenye injini na kwenye bodi ya gari. Bolti ikilegea au ikipata kutu, umeme hukosa njia ya kurudi. Fundi aguse ncha hasi ya betri, yenye alama ya kutoa, kwa waya mweusi wa mita. Waya mwekundu wa mita auguse chuma safi cha injini. Mwenzake apige stata. Mita isizidi nusu volti. Kisha swichi ikiwa imefunguliwa, apime kwenye waya wa ethi wa kompyuta. Hapo isizidi volti 0.1. Ikizidi, ethi ni mbovu.

(e) Kagua waya na soketi. Tafuta ukoga wa kijani, maji, waya uliochunika na alama za meno ya panya. Tikisa waya pole pole injini ikiwa inanguruma. Injini ikibadilisha sauti, umepata mahali pa kutazama.

(f) Soma namba za makosa. Kompyuta hukumbuka makosa iliyoyaona. Fundi huchomeka mashine ndogo kwenye soketi iliyo chini ya usukani, na mashine huonyesha namba. Magari yaliyouzwa Marekani yalilazimishwa kuwa na utaratibu mmoja wa namba hizi kuanzia mwaka 1996. Baadaye nchi nyingine ziliufuata. Baadhi ya magari ya zamani yaliyotoka Japani yana utaratibu wake, na huhitaji mashine inayoyafahamu.

Wewe unayejua kusoma, tazama namba hizo mwenyewe. Kila moja ina herufi na tarakimu nne. Herufi P ni ya injini na gia boksi. Herufi U ni ya mawasiliano baina ya kompyuta za gari. Kwa mfano, P0562 maana yake umeme wa gari uko chini. P0335 ni kosa katika habari za sensa ya krenki. U0100 ni kwamba kompyuta nyingine haziwasiliani na kompyuta ya injini.

Kuwa mwangalifu. Namba haisemi "badilisha kifaa hiki". Husema tu "kagua upande huu". P0335 yaweza kuwa sensa mbovu, waya uliokatika, au soketi iliyoingia maji. Ziandike namba zote kwenye daftari. Kisha fundi azifute, gari liendeshwe, zisomwe tena. Namba inayorudi ndiyo yenye habari.

(g) Pima umeme wa sensa. Kompyuta hupeleka volti 5 kwa baadhi ya sensa. Ikiwa volti 5 hazipo, usiseme upesi kwamba kompyuta imekufa. Fundi achomoe sensa hizo moja moja huku akitazama mita. Volti 5 zikirudi baada ya kuchomoa sensa fulani, basi sensa hiyo ndiyo iliyokuwa ikizimeza. Kompyuta ni nzima.

4. LINI TUSEME KOMPYUTA IMEHARIBIKA?

Tuseme hivyo baada ya vipimo vyote hapo juu kuonyesha mema, na bado tukaona dalili kama hizi:

– Kompyuta inapata umeme na ethi nzuri, lakini mashine ya kusomea haiwasiliani nayo, na waya zake za mawasiliano ni nzima.
– Volti 5 hazitoki hata baada ya kuchomoa sensa zote zinazozitumia na kuhakikisha kwamba waya zake hazigusani na bodi.
– Sensa ya krenki inapeleka habari nzuri, lakini kompyuta haitoi amri kwa injekta wala koili.
– Kisanduku kikifunguliwa, ndani mna maji, kutu, au kifaa kilichoungua na kunuka.

Hata hapo, usikitupe kisanduku. Baadhi ya mafundi wa vifaa vya umeme huweza kubadilisha kifaa kimoja kilichoungua ndani yake. Uliza bei ya kutengeneza kabla ya kuuliza bei ya kununua.

Tena jiulize: nini kiliiua? Ikiwa koili mbovu ndiyo iliyoiunguza kompyuta ya kwanza, itaiunguza na ya pili. Yafaa kuondoa sababu kabla ya kufunga kompyuta nyingine.

5. KUNUNUA KOMPYUTA NYINGINE

Wengi hununua iliyotumika, maana mpya ni ghali. Si vibaya. Lakini zingatia mambo manne.

Kwanza, soma lebo. Kila kompyuta ina karatasi au bati lenye namba. Katika magari mengi ya Toyota namba hiyo huanza na 89661, kisha hufuata tarakimu nyingine tano. Namba ya kompyuta mpya na ya zamani zilingane zote, mpaka ya mwisho. Visanduku viwili vyaweza kufanana kwa umbo na soketi, lakini kimoja ni cha gia za mkono na kingine ni cha gia zinazojibadilisha zenyewe. Usimtume mtu kwa maneno ya mdomo. Nakili namba kwenye karatasi, kisha mwenzako aihakiki.

Pili, uliza habari ya ufunguo. Magari mengi yana ufunguo wenye alama ya siri ndani yake. Kompyuta iliyotoka katika gari jingine haiutambui ufunguo wako. Gari halitawaka, au litawaka na kuzima. Lazima fundi mwenye mashine aitambulishe kompyuta na ufunguo. Ulizeni gharama hiyo kabla ya kununua.

Tatu, pata mapatano kwa maandishi. Ikiwa haifanyi kazi, muuzaji ataipokea? Kwa muda wa siku ngapi? Chukua risiti yenye tarehe, namba ya kifaa na bei.

Nne, dai kompyuta yenu ya zamani. Ni mali yenu. Pengine itatengenezeka.

6. KUFUNGA

Kufunga ni kazi fupi, lakini haitaki haraka.

– Funga swichi na utoe ufunguo.
– Ondoa waya wa ncha hasi ya betri. Ngoja dakika kadhaa.
– Gusa chuma cha gari kwa mkono kabla ya kushika kompyuta. Mwili wa mtu huweza kubeba umeme mdogo usiouona, nao huweza kuunguza vifaa vya ndani.
– Fungua kufuli ya soketi. Usivute waya. Usiguse pini kwa vidole.
– Tazama pini zote. Iliyopinda isilazimishwe.
– Ingiza soketi mpaka kufuli ijifunge. Funga kompyuta imara kwa bolti zake, mahali pake pa kwanza, mbali na maji.
– Rudisha waya wa betri.
– Fungua swichi bila kupiga stata. Taa ya injini iwake. Piga stata. Injini ikinguruma, taa izimike.
– Soma tena namba za makosa.

Usipakie mzigo siku hiyo hiyo. Jaribu gari kwanza kwenye barabara ya tambarare, injini ipate moto kabisa. Baadhi ya kompyuta huhitaji safari kidogo ili kuizoea injini. Gari likitembea vema bondeni, ndipo lijaribiwe mlimani, bado likiwa tupu. Gari likizimika kwenye mteremko, usukani huwa mzito na breki huhitaji nguvu nyingi. Usijaribu jambo hilo ukiwa na tani ya kabichi na watu juu yake.

7. TURUDI KWA WAKULIMA WETU

Mweka hazina hakutoa fedha, wala hakugombana. Alimwuliza fundi kwa heshima: "Fundi, umepima nini? Umepata namba gani?"

Fundi alikaa kimya kidogo. Kisha akamwita mwenzake mwenye mashine na mita. Betri ilisoma 12.6. Fyuzi zilikuwa nzima. Mashine ilionyesha P0562, umeme uko chini. Wakapima ethi, stata ikizunguka. Mita ilisoma volti 2. Walipotazama chini ya injini, wakaona bolti ya waya wa ethi imelegea kwa mtikisiko wa barabara, na imejaa kutu.

Wakaifungua, wakaisugua kwa msasa, wakaikaza. Walipopima tena, mita ilisoma volti 0.2. Gari likawaka mara moja. Namba ikafutwa na haikurudi. Kikundi kikamlipa fundi kwa kazi yake, naye alistahili malipo hayo.

Lakini angalia vizuri. Kama wangenunua kompyuta, huenda fundi angeigusa bolti hiyo kwa bahati wakati wa kazi, na gari likawaka. Wote wangesema, "Kweli, ilikuwa kontroli boksi." Baada ya majuma machache gari lingezima tena, pengine juu ya Mlali, usiku, likiwa na mzigo. Na fedha ya mbolea ingekuwa imekwisha.

Kabichi za siku ile hazikurudi. Hiyo ilikuwa hasara. Kwa hiyo kikundi kimeweka daftari la gari. Kila mwezi mtu mmoja hukaza bolti za ethi, hupima betri, na huandika tarehe na namba. Tena wamekubaliana mambo mawili: injini isioshwe kwa maji ya nguvu, na gari likipelekwa kuchomelewa kwa umeme, waya za betri na soketi za kompyuta zichomolewe kwanza.

Vijana wenye hamu ya kujifunza umeme wa magari waulize katika vyuo vya VETA. Kwa Morogoro, VETA ina chuo Kihonda. Kijiji chenye fundi wake mwenyewe hakivutwi kwa kamba mara kwa mara.

TUKUMBUKE

Kompyuta ya injini ni karani. Usimfukuze karani kabla hujajua kama amekula, na kama wajumbe wake wamesema kweli. Namba ya makosa huonyesha upande wa kukagua. Namba ya lebo lazima ilingane yote. Na kabla ya kutoa fedha, uliza: "Umepima nini? Umepata namba gani?"

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Taja sababu tatu zinazoweza kufanya injini ipate amri mbaya. Ipi hutokea mara chache?
2. Betri ya gari lililopumzika inasoma volti 11.8. Je, imejaa? Eleza.
3. Kwa nini tunafuta namba za makosa, kisha tunazisoma tena?
4. Nakili namba hizi mbili, useme kama zinalingana: 89661-12340 na 89661-12430.
5. Je, katika kijiji chenu kuna gari, pikipiki au mashine ya kusaga ya kikundi? Anzisheni daftari lake leo. Mtaandika nini katika ukurasa wa kwanza?